Miezi Mitano Niliyomnyima Elia

Siku ya tatu baada ya kumzika mwanetu Elia, wanaume tukiwa tumekaa chini ya turubai na wanawake wamejaa ndani, niliona mama mmoja mzee akishuka kwenye bodaboda pale kona. Alisimama akaweka sawa kitenge chake, kisha akaanza kupanda taratibu kuja kwetu, akitembea kwa kuelemea upande mmoja. Sikumtambua mpaka aliponyoosha mkono, maana mkono ule nilikuwa nimeuona mara nyingi ukikinga visogo vya watoto. Nikainuka. "Shikamoo Mama Gaude." Akasema, "Marahaba, Masalu. Pole sana, mwanangu." Hakuongeza kitu. Kwa siku tatu karibu kila aliyekuja alikuwa ameniambia kwamba Elia amepumzika, na wengine, watu wazuri tu ambao walikuwa wametuletea unga na maharage, walisogeza mdomo karibu na sikio langu wakasema, "Na ninyi sasa mtapumzika." Elia alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakuwahi kutembea hata hatua moja, na maneno yake yalieleweka na watu watatu au wanne tu duniani, lakini nyumba yangu haikuwa imechoka naye.

Mama Gaudensia aliingia ndani kumpa pole mke wangu, Kabula, nami nikabaki nimesimama nikiwa nimeshika kiti nilichotaka kumpa. Kumwona kulinirudisha mwaka aliozaliwa Elia. Mwaka ule sijawahi kuusimulia wote kwa mtu yeyote, hata kwa Kabula ambaye aliuishi pamoja nami, na sababu ya kutousimulia ni moja: sehemu kubwa ya ubaya uliotokea mwaka ule niliufanya mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Karakana yangu ilikuwa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, banda la mabati lililozungushiwa mabanzi, na mabanzi yenyewe yaliachana kiasi kwamba mtu anayepiga randa ndani, akinyamaza kidogo, alisikia yote yanayosemwa nje. Nilitengeneza vitanda, meza na fremu za milango. Kabula alikuwa na mimba ya miezi saba siku Mama Gaudensia alipoingia na karatasi yenye mchoro wa kalamu ya risasi. Alikuwa mama wa makamo, Mhaya mwenye sauti ya chini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kila Jumanne alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa moja kule Buzuruga, ambako akina mama walileta watoto walioshindwa kukaa, kusimama au kuongea, na siku zilizobaki alizunguka mitaani kuwatafuta ambao hawakuletwa. "Nataka kiti," alisema. Nikamuuliza cha kulia au cha kupumzikia. "Cha mtoto asiyeweza kukaa." Nilicheka, nikamwambia kama hawezi kukaa kiti cha nini. Yeye hakucheka. "Ndiyo maana nimekuja kwa fundi."

Mtoto aliitwa Shija, na aliishi Igogo na mama yake ambaye mtaani walimwita Mama Kulwa, kwa kuwa kabla ya Shija alikuwa amezaa mapacha. Tulikwenda asubuhi moja kupima. Nyumba yao ilikuwa juu, kati ya mawe, na chumba chao kilijengwa kwa kuegemea jiwe kubwa. Jiwe lenyewe ndilo lilikuwa ukuta wa nyuma, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza, lilikuwa linatoa maji kama mtu anayetokwa jasho. Mama Kulwa alikuwa amebandika kalenda ya zamani juu ya jiwe kwa nta ya mshumaa ili chumba kipendeze. Shija alikuwa na miaka minne. Alilala chali kwenye godoro, mwembamba, mgongo umepinda kama upinde, ngumi zimefumbwa, ila macho yake yalinifuata kila niliposogea, yakafuata na futi yangu ya kupimia. Saa ya uji ikafika, na Mama Kulwa akamlisha vilevile amelala, kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko cha tatu mtoto alikohoa mpaka uso ukabadilika rangi. "Ana kifua huyu tangu mdogo," mama akasema. "Wananiambia ni baridi ya ziwa." Mama Gaudensia akapiga magoti, akamwinua Shija akamkalisha kwenye mapaja yake mwenyewe, akakiegemeza kichwa kwenye kiwiko, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, akaomba kijiko. Shija alikunywa nusu kikombe bila kukohoa. Mama Kulwa aliangalia, akaanza kulia kwa sauti ndogo, si ya furaha. Alikuwa anahesabu miaka.

Baadaye Mama Kulwa alitupatia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga za kusagwa, tukala tumekaa kizingitini, na hapo ndipo Mama Gaudensia aliponifundisha, bila kujua ananifundisha nini. Alisema mambo hayo kwa kutafuna, kama mtu anayeeleza namna ya kuchagua samaki. Alisema mtoto wa miezi mitatu ukimshika mikono ukamvuta taratibu aje kukaa, kichwa chake lazima kijaribu kufuata. Kikibaki nyuma kinaning'inia, usiseme atakua tu. Alisema angalia ngumi ambazo hazifunguki, kidole gumba kimefichwa ndani. Angalia miguu inayokazana na kupishana kama mkasi ukimbadilisha nepi. Angalia anayeshindwa kunyonya, anayelia akipakatwa badala ya kunyamaza. "Huyu alipimwa uzito tangu amezaliwa," alisema akimwonyesha Shija kwa kichwa, "na kila mara waliandika kwenye kadi kwamba uzito ni mdogo, foleni ikaendelea. Kichwa cha mtoto mchanga bado kinajifunza, Masalu. Ukikiwahi unaweza kukionyesha njia nyingine ya kufanya jambo. Ukichelewa bado unasaidia, lakini unasaidia kilichobaki."

Nilitengeneza kiti kwa mabaki ya mninga, mgongo wake ukiwa na pembe kama kona ya chumba ili mabega yaje mbele, meza ndogo ya kuchomeka, na kibao cha miguu. Siku nilipokipeleka tulimfunga Shija kwa kipande cha kanga kifuani, tukamgeuza kuelekea mlangoni. Ziwa lilikuwa linaonekana chini, kati ya paa mbili. Miaka minne yule mtoto alikuwa ameangalia mabati ya juu tu. Alitoa sauti ambayo mama yake alisema hajawahi kuisikia.

Elia alizaliwa katikati ya masika. Kabula alishikwa na uchungu siku mbili, na mtoto alipotoka hakulia. Niliambiwa walimpiga-piga, wakamvuta ute puani, na ikachukua muda. Muda gani, hakuna aliyesema, nami sikuuliza, kwa sababu nilipoingia nilimkuta amefungwa kwenye doti jipya, mzuri, ana nywele nyingi, na Kabula ananitazama kwa macho ya mtu aliyetoka safari. Wiki za kwanza alinyonya kwa shida, maziwa yakimtoka pembeni, na Kabula alikaa saa nzima kwa mlo mmoja. Nilifikiri watoto wote wako hivyo. Wakati huo nilikuwa nafikiri hivyo kweli; sitaki kujisingizia makosa kabla hayajawa yangu.

Elia akiwa hajamaliza miezi mitatu, Shija alikufa. Ilikuwa kifua. Baba mdogo wake alikuja karakana asubuhi akiwa amevua kofia, akaniomba niwatengenezee jeneza, na alipotaka kuniambia urefu nikamzuia. Sikuhitaji. Vipimo vilikuwa bado vimeandikwa kwa penseli kwenye ubanzi, juu ya benchi langu, vilevile nilivyoviandika kwa ajili ya kiti. Mchana kutwa nilikata mbao nikiangalia namba zile. Nilipomaliza nilizifuta kwa msasa, nikasugua mpaka mti ukawa mweupe, na tangu siku hiyo kichwani mwangu kiti na jeneza vilikuwa kitu kimoja. Mama Gaudensia aliniambia pale msibani kwamba mtoto alikufa kwa yale ya miaka minne ya kulishwa amelala, na kwamba wiki zake kumi za kiti zilikuwa wiki nzuri. Nilimsikia. Sikumwamini.

Mwezi wa saba wa mwaka ule, Elia akiwa ametimiza miezi mitatu, jioni jua halijazama, Kabula alikuwa anambadilisha Elia nepi kitandani nami nakula. Tulikuwa na chumba kimoja na sebule ndogo, pazia katikati, na pazia lilikuwa limefungwa juu ili mwanga uingie. Nikaona miguu yake. Ilikuwa imekazana, imepishana, na Kabula alikuwa anaitenganisha kwa nguvu kidogo, kwa mazoea, kama mtu ambaye ameshafanya hivyo siku nyingi. Aliona kwamba nimeona. "Baba Elia," akasema, "huoni miguu yake ilivyo?" Nikamwambia watoto hawafanani. Nikamaliza ugali. Siku iliyofuata alipokwenda kuteka maji, nilimlaza Elia kwenye mkeka, nikamshika mikono, nikamvuta taratibu aje kukaa. Kichwa kilibaki nyuma. Nikamlaza, nikangoja, nikamvuta tena. Mara ya tatu alinitazama usoni huku kichwa kinaning'inia, akatabasamu, maana alidhani tunacheza. Nikamfunika. Kabula aliporudi na ndoo alinikuta mlangoni napiga mluzi.

Hilo ndilo ambalo sijawahi kulisema. Watu waliponisamehe baadaye, walinisamehe wakidhani sikujua.

Wiki chache baadaye nikiwa karakana nimeacha randa ili kunoa, nilisikia wanawake wawili wamesimama nje kwenye kivuli cha bati, mmoja nilimtambua kwa sauti, tulikuwa tunapanga nyumba za jirani. "Si ndiye anayetengeneza viti vya vilema?" mwingine aliuliza. "Ndiye. Na wa kwake naye hajakaza shingo mpaka leo." Kisha yule jirani akasema kwa huruma ya kweli, na ile huruma ndiyo iliyonichoma, "Vitu vingine mtu hatakiwi kuvishikashika, vinamfuata nyumbani." Siku ileile nilichukua mchoro wa Mama Gaudensia na kigezo cha mbao nilichokuwa nimekikata kwa ajili ya viti vingine, nikavitia motoni pamoja na maranda. Alipotuma mtu kuuliza viti viwili alivyoagiza, nilisema mbao zimeadimika.

Alikuja mwenyewe, Jumapili, nyumbani. Kabula alikuwa amepika sato kwa nyanya na bamia, na harufu ilikuwa imejaa chumba. Nilimpa shikamoo, nikamkaribisha chakula, tukala kwa maneno machache. Elia alikuwa amelala upande kwenye kitanda, ngumi zimefumbwa. Mama Gaudensia hakumtazama kwa muda mrefu, na nikajua hakuhitaji muda mrefu. Alinawa mikono. "Masalu," alisema, "niruhusu nimshike."

"Mwanangu hana shida, Mama."

"Sijasema ana shida. Nimeomba kumshika tu."

"Tunakuheshimu sana," nikamwambia, na nikasikia sauti yangu inapanda, "lakini hiyo kazi yako ifanye huko kwa wenye watoto wagonjwa. Huyu usimguse."

Kabula alikuwa amesimama na sahani mkononi. Mama Gaudensia alimtazama yeye, si mimi, akasema, "Jumanne nipo Buzuruga, asubuhi mpaka saa saba." Akaaga vizuri, akaondoka. Nilimgeukia mke wangu, nikamwambia kwamba siku atakayompeleka mtoto kule asirudi kwangu. Nilisema hivyo. Kwa ukoo wetu na wa kwao ningeweza kueleza nilivyolelewa, na mtu akanielewa, lakini maneno yale hayakutoka kwa ukoo, yalitoka kwangu, kwa sababu nilijua kwamba Kabula hana pa kwenda na mtoto wa namna ile.

Nami nilitafuta dawa zangu. Nilimkanda kwa mafuta ya kondoo. Mteja mmoja akaniambia miguu mizito inatibiwa kwa kumfukia mtoto mpaka kiunoni kwenye mchanga wenye joto, na Jumapili moja nikawapeleka ufukweni, chini ya Igogo, mahali ambapo wanawake walikuwa wanaanika dagaa. Nikachimba shimo kwa mikono. Nikamsimamisha Elia ndani, nikamfukia, nikashika kwapa zake. Alikuwa na miezi sita. Alilia mpaka sauti ikakatika, kichwa kimeanguka kifuani, na wale wanawake wa dagaa wakaacha kugeuza dagaa wakawa wanatutazama. Kabula alipiga magoti akafukua mchanga kwa kasi, kama mtu anayemtoa mwingine majini, akamchukua, akaenda kukaa mbali juu ya jiwe na mgongo wake kwangu. Tulipofika nyumbani alimwogesha mtoto, akatoa chembe za mchanga kwenye mikunjo ya mapaja yake moja moja. Mwezi huohuo Elia aliugua kifua, akalazwa. Akapona, kisha akaugua tena. Nilisema ni baridi ya ziwa.

Mvua za vuli zilipoanza, Mama Gaudensia alikuja tena karakana. Alisimama nje, mwavuli wake umevunjika ubavu mmoja, maji yanamwangukia begani. Sikumkaribisha ndani, na mpaka leo nikikumbuka hilo nashikwa na aibu kuliko mengi. Alinipa karatasi iliyokunjwa. "Kimoja tu," alisema. "Sitarudi kukusumbua." Nikaifungua. Vilikuwa vipimo vya mtoto mdogo sana, mdogo kuliko wote aliowahi kuniletea. Nikamuuliza ni wa wapi. "Wa hapahapa Igoma." Nikauliza ni wa nani. "Mama yake hataki ajulikane."

"Na baba?"

Alifikiri. "Baba yake ni mtu mzuri," akasema. "Anaogopa."

Nilichukua kazi ile. Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua. Sikujiambia kwa maneno kwamba ni kiti cha mwanangu, hilo ni kweli. Lakini nilichagua mkongo usio na fundo hata moja, ubao niliokuwa nimeuhifadhi kwa kabati la mtu mwenye uwezo. Nilizungusha pembe zote, nikapiga msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha nikapitisha shavu langu juu ya mgongo wa kiti kuangalia kama kuna mahali panakwaruza. Hakuna kiti nilichokitengeneza hivyo kabla. Mama Gaudensia alituma mtu akakichukua siku ya Jumatatu.

Alhamisi umeme ulikatika mchana, wateja hawakuwapo, nikafunga nikarudi nyumbani mapema. Mlango ulikuwa wazi na pazia limeshushwa. Nikasikia sauti ya Kabula ndani, laini, sauti ambayo kwa miezi mingi hakuwa ameitumia mbele yangu. "Fungua. Ehee. Funga mdomo. Meza. Umeona? Umemeza mwenyewe, mwanaume." Nikasimama nikingoja kikohozi. Kijiko kiligusa bakuli, kikagusa tena. Kikohozi hakikuja. Nikasogeza pazia.

Elia alikuwa amekaa. Alikuwa kwenye kiti cha mkongo, kona ya chumba, amefungwa kifuani kwa kanga ya mama yake, mabega yamekuja mbele, mikono yote miwili juu ya meza ndogo, na kiganja kimoja kilikuwa wazi. Miezi minane nilikuwa nimemwangalia kutoka juu. Sasa uso wake ulikuwa umesimama, na alinitazama kama mtu anavyomtazama mtu anayeingia ndani. Alikuwa na macho ya mama yangu. Sikuwa nimeliona hilo kabla. Kabula hakuinuka. Kijiko kikiwa bado mkononi, aliweka mkono wa pili juu ya kiti, kukikinga, maana alidhani nitakivunja. Mke wangu alidhani hivyo, na alikuwa na haki ya kudhani.

Nikakaa sakafuni. Nilimtazama mtoto muda mrefu, kisha nikatazama chini. "Miguu yake haifiki kwenye kibao," nikasema.

"Vipimo nilichukua mwenyewe," Kabula akajibu. "Kwa uzi. Miguu ilikuwa inakazana, nilikosea."

Nikarudi karakana, nikachukua bisibisi na kipande cha ubao, nikaja nikapandisha kibao cha miguu vidole viwili. Nyayo za Elia zikakaa sawa. Nikashika kile kijiko. Kabula akanionyesha: kidevu kiiname kidogo, usiharakishe, ngoja ameze. Uji ulikuwa wa ulezi, umeshapoa. Hivyo ndivyo nilivyokubali. Sikuomba radhi, sikumwambia habari ya siku ile ya mkeka na mluzi. Jumanne iliyofuata nilimbeba Elia mwenyewe mpaka Buzuruga, mchana kweupe, nikipita mbele ya kila mtu anayenifahamu, na nilidhani kutembea kule ndiko kumelipa yote.

Yaliyofuata yalikuwa maisha. Elia alijifunza kula kwa kijiko akiwa na miaka saba, na siku ile tulichinja kuku. Alisoma miaka mitano kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, akajua kuhesabu na kuandika jina lake kwa penseli nene niliyomchongea. Nilitengeneza viti, vifaa vya kusimamia, meza zilizokatwa ukingo kama mwezi mchanga ili kifua cha mtoto kiingie, vingi kuliko vitanda, vikaenda mpaka visiwani. Alipokua alikaa nami karakana mchana kutwa, akisikiliza mpira redioni na kugombana na wateja kuhusu timu yake. Alitania sana. Wageni walidhani analalamika kumbe anawacheka. Masika haya kifua kilimshika siku nne, na siku ya tano asubuhi hakuweza tena kupumua.

Mama Gaudensia alipotoka ndani alikuja kukaa kando yangu, pembeni ya turubai. Kijana mmoja alituletea chai, naye Mama Gaudensia akaishika yake bila kunywa. Nikamwambia, "Mama, nina swali nimekaa nalo tangu ujana. Ile Jumapili uliyokuja kwangu ukaomba kumshika. Ningekuruhusu, Elia angetembea?" Kisha nikamwambia habari ya mkeka, kwamba nilimvuta mikono mara tatu na nilijua. Nilimwambia yote. Alisikiliza akiangalia chai yake.

"Kutembea, sidhani," alisema. "Aliumia sana kuzaliwa. Kula angekula vizuri mapema. Mgongo ungekaa vizuri zaidi. Vile vifua viwili vya mwaka ule, labda kimoja kisingempata, labda vyote. Siwezi kukuambia kwamba ndivyo vilivyomuua juzi, Masalu, na siwezi kukuambia kwamba havikuchangia." Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Lakini alikuwa hajamaliza. "Wewe unauliza habari za Elia tu. Unajua Kabula alianza kuja kwangu lini? Wiki mbili kabla ya kile kiti, alikuja Jumanne mbili. Kabla ya hapo alikuja mara moja akarudia mlangoni. Alitembea kwa miguu kutoka Igoma na mtoto mgongoni, asionekane kituoni na watu wako. Wenzake walikaa kwenye mkeka wakajifunza, wengine na mama zao, wengine na waume zao. Yeye alikaa amegeuka nusu. Kila nilichomfundisha alijifunza akiwa anaangalia mlango. Hicho ndicho ungekiondoa, kama ungeniruhusu. Miezi mitano aliijua shida ya mtoto peke yake, kwenye chumba kimoja na mtu aliyeijua pia."

Akanywa chai yake, ikiwa imepoa.

Niliinuka. Wanaume hawaingii kukaa na wanawake kwenye msiba, kwetu haifanyiki, na nilipovua viatu mlangoni nilisikia nyuma yangu mtu akiniita kwa jina kama anayenizuia. Ndani walikuwa wanaimba polepole, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Kabula alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, kanga imefunika kichwa. Nikapita katikati yao nikiomba samahani, mpaka nikafika alipo.

"Umefuata nini huku?" aliniuliza.

"Nina jambo nilitakiwa kukuambia mwaka ule," nikasema. "Nilijua, Mama Elia. Tangu ana miezi mitatu. Ulikuwa umekwenda kuteka maji."

Sikuona uso wake. Niliona mkono wake umeshika ukingo wa mkeka, umeshika kwa nguvu, kisha ukalegea. Hakuniambia amenisamehe, na sidhani alikuwa amenisamehe. Alisogea kidogo upande wa ukuta, mkeka ukabaki wazi pembeni yake, nami nikakaa.